Kilimanjaro au Everest Base Camp: kwa mtu wa Dar mwenye likizo moja na hela ya mawazo

Shemeji yangu alikuja nyumbani Jumapili, hata soda hajafungua, kanisukumia simu mezani: picha ya bendera za rangi rangi zimefungwa kwenye mawe, nyuma barafu tupu. "Shem, nataka kwenda hapa. We ulishafika. Nianze na hapa au nianze na Kili?" Nikamwambia tule kwanza. Tukala, tukaongea mpaka saa tano usiku, na kwa vile sio yeye wa kwanza kuniuliza nimeona bora niandike, maana kwenye voisi noti huwa naongea dakika kumi na mbili na mtu anasikiliza mbili.

Jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka aende zake. Kama unaishi Dar na hujawahi kulala juu ya mita 3,000, anza na Kili, ila iwe Kili ya siku saba, achana na ile ya siku tano hata kama ni bei chee. EBC, yaani hiyo Everest Base Camp, iache iwe safari ya pili. Wapo watu ningewaambia waanze na EBC, nitawataja huko chini, wachache lakini wapo.

Moja ni kilele, nyingine ni kambi

Hapa ndo watu wengi wanachanganya. Mtu akisikia Everest anadhani anaenda juu kuliko Kili. Kambi ya Everest upande wa Nepal iko mita 5,364, Uhuru Peak, kilele cha Kili, ni 5,895. Yaani ukiwa umesimama EBC unapiga picha, Uhuru imekupita kwa zaidi ya nusu kilomita. Ile 8,849 ni kilele cha Everest chenyewe, hiyo ni kazi ya watu wengine, na Watanzania wamo, Wilfred Moshi alifika 2012, Rawan Dakik 2021. Sisi tunaongelea pale ambapo wenzetu hao ndo wanaanzia kupanda.

Afu kuna jambo mabango ya matangazo hayakwambii: ukiwa EBC kilele cha Everest hukioni. Kimejificha nyuma ya bega la mlima. Unachoona ni yale maporomoko ya barafu ya Khumbu (ndo jina la eneo lile), makubwa, ya bluu kwenye nyufa, yanalia lia kama mbao kavu, na kama umeenda Aprili au Mei unakuta mahema ya wapandaji ya njano kibao, ukienda Oktoba au Novemba unakuta mawe. Kuiona Everest yenyewe lazima upande Kala Patthar, kilima cha jirani, kama mita 5,550, alfajiri ukitokea Gorak Shep, kituo cha mwisho chenye loji, na kiukweli Kala Patthar ndo iliyonitoa machozi, EBC nilikaa dakika ishirini nikaanza kuwaza chai.

Kili haina base camp kwa maana ile ya Everest, ila kambi ya Barafu (4,673) kwa wanaopita njia za Machame na Lemosho, na Kibo (4,720) kwa wanaopita Marangu, ndo zinafanya kazi hiyohiyo. Unafika mchana, unalishwa, unaambiwa ulale na hulali, saa tano na nusu usiku mtu anagonga hema na chai ya moto na biskuti. Kwa hiyo anayetafuta picha ya kusimama juu kabisa, kwenye ubao, hakuna mlima mwingine juu yake Afrika nzima, huyo swali lake limeshajibiwa. EBC inaishia miguuni mwa mlima wa mtu mwingine, na kuna watu hilo linawauma sana wakifika, nimemwona jamaa mmoja pale anauliza "ndo hapa tu?" kwa sauti ya mtu aliyepelekwa Kibaha akiambiwa ni Bagamoyo.

Usiku mmoja, au wiki mbili

Tofauti kubwa ni mateso yanavyogawanywa. Kili inakulimbikizia kwenye usiku mmoja. Kutoka Barafu mpaka Uhuru ni kupanda mita elfu moja mia mbili na ushee, gizani, kwenye changarawe inayokurudisha nyuma hatua moja kila ukipiga mbili, tochi ya kichwa inamulika visigino vya aliyekutangulia tu. Masaa sita mpaka nane hivi. Na ukishapiga picha pale kwenye ubao haijaisha, siku hiyohiyo unashushwa mpaka Mweka Camp, kama mita 3,100, yaani karibu mita elfu mbili na mia nane kushuka kwa magoti yaleyale yaliyokesha yakipanda. Niliporudi nyumbani wiki nzima nilishuka ngazi kinyumenyume, wanangu wanacheka mpaka majirani wanauliza kuna nini.

Na hiyo ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza nilichemka.

Nilikwenda na grupu la Desemba, ile misafara ya kuadhimisha Uhuru, maana mwenge uliwekwa kule juu na Alexander Nyirenda 9 Desemba 1961 na mpaka leo kila mwaka Watanzania wanapanda kipindi hicho. Njia ya Marangu, ile wanaita ya Coca-Cola, siku tano. Ukiangalia kwenye karatasi ni rahisi: siku ya kwanza unalala Mandara 2,720, ya pili Horombo 3,720, ya tatu Kibo 4,720. Vibanda vya mbao, vitanda, meza ya kulia. Sasa zisome tena hizo namba. Elfu moja kila siku. Wataalamu wa mambo ya mwinuko wanashauri ukishavuka mita 3,000 usiongeze zaidi ya kama mita 500 kwa siku kwenye mahali unapolala, na kila siku tatu nne upumzike moja. Sisi tulikuwa tunapanda kama tunafukuzia daladala.

Kwenye pango la Hans Meyer, mita 5,150 hivi, nikatapika uji wote. Kichwa kinapigwa nyundo kwa ndani. Kiongozi wetu, mzee mmoja wa Marangu, akanimulika tochi usoni akaniuliza kwa upole kabisa, "Baba, leo siku gani?" Nikafikiria. Nikafikiria tena. Nikasema "Jumanne?" Ilikuwa Ijumaa. Hakunibishia, alinigeuza tu kwa mabega kama unavyomgeuza mtoto anayetoka msalani hajanawa, akasema "Twende chini." Kufika Horombo saa nne asubuhi kichwa kimeacha, najisikia mzima, nina hasira, na milioni moja na nusu yangu imeishia pangoni.

Kwa hiyo mtu akiniambia "nimepata ofa ya siku tano" huwa namwambia hiyo sio ofa. Marangu ikiwa siku sita, na siku moja ya ziada ya kuzoea pale Horombo, inavumilika. Ila Machame au Lemosho siku saba na kuendelea ni bora zaidi, kwa sababu njia yenyewe inakupandisha na kukushusha: siku ya Lava Tower unafika kama mita 4,600, unakula mchana pale kichwa kikigonga gonga, afu unashuka kulala Barranco chini ya 4,000, na usiku ule mwili unafanya kazi yake. Panda juu, lala chini. Asubuhi yake kuna ule ukuta wa Barranco unaoupanda kwa mikono na miguu, watu wanauogopa kwenye picha, ukifika ni raha kuliko siku zote, na wagumu, yaani wapagazi wa Kili, wanaupita wamebeba mizigo kichwani huku wanaongea na simu.

EBC haina usiku wa namna hiyo. Unaruka mpaka Lukla (2,860 hivi), unashuka kidogo kulala Phakding, kesho yake unapanda mpaka Namche Bazaar 3,440 na pale unakaa usiku mbili. Tengboche 3,860. Dingboche 4,410, usiku mbili tena. Lobuche 4,940. Gorak Shep 5,164, unaacha begi, unaenda kambini na kurudi. Siku nane tisa kupanda, tatu nne kushuka, kama kilomita 130 kwenda na kurudi. Hakuna siku hata moja niliyosema leo nakufa. Lakini hakuna siku niliyoamka nikiwa mzima pia. Ni uchovu unaojikusanya kama deni la dukani kwa Mangi, leo buku, kesho buku, mwisho wa mwezi unaonyeshwa daftari. Nilikuwa na kikohozi kikavu kilichoanza Dingboche kikanifuata mpaka Mbezi, wenyewe wanakiita kikohozi cha Khumbu, ni ile hewa kavu ya baridi na vumbi. Hamu ya kula iliisha. Nilipungua, mke wangu alinipokea uwanja wa ndege kama anapokea mgonjwa.

Wale jamaa nao wana "pole pole" yao, wanasema "bistarai, bistarai", na wanaisema kwa sauti ileile kabisa ya viongozi wa Machame, ile ya kukuambia unajiona kijana sana wewe.

Hewa

Hili nalirefusha kidogo kwa sababu ndo linaua. Oksijeni kwenye hewa ni asilimia 21 Kigamboni na asilimia 21 Gorak Shep, kinachopungua ni msukumo wa hewa yenyewe, kwa hiyo kwenye 5,364 kila pumzi unayovuta inakupa karibu nusu ya unayoipata ukiwa Coco Beach. Uhuru ni pungufu kidogo ya hapo. Tofauti ni kwamba Uhuru unakaa dakika kumi na tano unaondoka, usiku unalala chini. EBC unalala Lobuche na Gorak Shep, juu kuliko Barafu na juu kuliko Kibo. Usiku wa Gorak Shep nilikuwa nikipitiwa usingizi naacha kupumua, nashtuka kama nimezamishwa, nalala, nashtuka. Wanasema ni kawaida kwa mwinuko ule. Kawaida au sio kawaida, usiku ni mrefu.

Kwa usalama naona EBC inampa mtu nafasi zaidi kwa sababu imejengewa zile siku za kuzoea, na mgonjwa anaweza kubaki kijijini wenzake wakaendelea. Kili kwa kuwa siku ni chache na zinalipiwa, kuna presha ya kusukumana. Kote kuwili dalili ni zilezile: kichwa, kichefuchefu, kukosa usingizi, hizo unavumilia ukiwa hapohapo bila kuongeza mwinuko. Ukianza kuyumba kama umekunywa, au kukohoa mapovu, au kushindwa kutaja leo siku gani, unashuka saa hiyohiyo hata kama ni saa nane usiku. Dawa ya Diamox inasaidia mwili kuzoea, ongea na daktari kuhusu dozi, usichukue ya jirani.

Na hii ni yetu sisi hasa, kwenye makala za wazungu huikuti: selimundu (sickle cell). Tanzania tuna wagonjwa wengi wa selimundu na tuna watu wengi zaidi wenye kinasaba chake cha upande mmoja ambao hawajui kabisa, wako fresh miaka yote. Mgonjwa wa selimundu milima hii sio yake. Mwenye upande mmoja wengi wanapanda bila shida ila kuna hatari ya bandama kudhurika ukifika juu, maumivu makali mbavuni kushoto, kwa hiyo pima damu kabla hujalipa hata shilingi. Kipimo ni cha siku moja, na mwenzetu mmoja kwenye grupu alijigundua hapo.

Hela

Kwa Kili sisi ni wenye nchi. Kiingilio cha hifadhi tunalipa kwa shilingi kwa kiwango cha mwananchi, wakati mgeni analipa dola 70 kwa siku kabla ya VAT, hapo hajalipia kambi wala uokoaji. Beba NIDA yako. Kupanda bila kampuni na kiongozi hairuhusiwi hata kama babu yako kazaliwa Kibosho, kwa hiyo gharama kubwa inabaki kwenye watu: kiongozi, mpishi, wagumu watatu wanne kwa kila mpandaji. Siku tano zile za Desemba nilitoa milioni moja na nusu, Machame siku saba ikanila milioni mbili na nusu na bakshishi juu. Bakshishi iweke pembeni kabisa usiiguse, wale watu wamebeba meza na viti vyako mpaka mita elfu nne na mia sita, mzigo mwisho kilo 20 kwa mtu, na ukikuta kampuni ina bei ya kushangaza ujue mara nyingi nafuu hiyo imekatwa kwenye mshahara wa mgumu.

Nepal mzungu ni wewe. Unalipa vyote bei ya mgeni. Tiketi ya Dar mpaka Kathmandu lazima uunganishe, Doha au Dubai au Istanbul. Viza nilipewa palepale uwanjani, dola 50 kwa siku 30, ila hakikisha kabla hujakata tiketi. Kuna kibali cha hifadhi ya Sagarmatha, rupia 3,000 kabla ya kodi, na kibali kingine cha halmashauri ya Khumbu. Ndege ya Lukla peke yake kwa mgeni ni karibu dola 200 kwa upande mmoja. Kiongozi na mpagazi juu. Kuanzia Aprili 2023 serikali yao ilitaka mgeni asitembee bila kiongozi, watu wa Khumbu wakagoma kuifuata, lakini kwa mtu wa kwenda mara ya kwanza chukua kiongozi na huo mjadala waachie wenyewe. Mimi jumla yote, tiketi, vifaa na kila kitu, ilikula Kili tatu za Machame. Na kule kila ukipanda bei inapanda na wewe: chai, maji ya moto ya kuoga, chaji ya simu, intaneti. Kuchaji powabenki Gorak Shep nililipa hela ambayo Dar ni umeme wa wiki.

Bima usiikwepe, soma yale maandishi madogo, bima nyingi za safari za kawaida zinaishia mita 3,000 au 4,000. Unataka inayosema mpaka 6,000 na inayotaja helikopta. Na kule Nepal ukishauriwa helikopta kwa mafua tu, uliza mara mbili, 2018 serikali yenyewe ilichunguza mchezo wa watu kuitiwa helikopta wasizohitaji ili bima ilipe.

Likizo

Sheria inakupa siku 28 mfululizo kwa mwaka, Jumamosi na Jumapili ndani. Kili: basi kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi Louis asubuhi, jioni uko Moshi, siku saba mlimani, siku moja kupumzika magoti, basi kurudi. Siku kumi. Unabaki na kumi na nane za kwenda kijijini Krismasi. EBC: siku mbili kwenda, moja Kathmandu, kumi na mbili mlimani, mbili kurudi, na lazima uweke mbili tatu za akiba kwa ajili ya Lukla. Hapo ni ishirini. Nani atakuelewa nyumbani.

Lukla yenyewe ni kituko. Kiwanja kina mita 527 tu na kimeinama kama barabara ya kupanda, ndege inatua ikipanda mlima na mbele ni ukuta, ikiondoka inashuka kuelekea korongoni. Wingu likikaa hakuna ndege. Msimu ukichanganya ndege haziondoki hata Kathmandu, unaamshwa saa saba usiku kupelekwa kwa gari masaa manne matano mpaka Ramechhap. Mzigo kilo 15 mwisho, na mkoba wa mkononi humohumo. Mimi kurudi nilikwama Lukla siku mbili, nikatuma meseji kwa bosi, akanijibu na emoji moja tu ambayo mpaka leo sijaielewa.

Misimu nayo haifanani. Kili ni Januari mpaka mwanzo wa Machi, na Juni mpaka Oktoba, kwepa masika. Everest ni Machi mpaka Mei, na Oktoba mpaka Novemba. Ukiwa na likizo ya Aprili na huwezi kuihamisha, mlima wako ni wa Nepal, Machame mwezi huo ni tope mpaka kwenye kope.

Kulala, kula, choo

EBC hulali kwenye hema. Unalala kwenye loji za wenyewe, chumba cha plywood, vitanda viwili, blanketi zito, na ukumbi wenye jiko katikati ambalo kule juu wanachoma samadi ya yaki, ng'ombe wa manyoya wa kule, kwa kuwa kuni hakuna. Unakula wali na dengu, dal bhat, na wanakuongeza mpaka useme basi. Kwa tumbo la Mtanzania hakuna chakula bora zaidi mlimani, wali maharage umebadilishwa jina tu. Nyama juu ya Namche niliacha, inapanda mgongoni mwa mtu siku kadhaa.

Kili (ukiacha Marangu) ni hema, na mpishi wako mwenyewe. Supu, mkate, matango, bisi za saa kumi jioni. Siku ya nne nilichoka na chakula cha kitalii nikaenda hema la wagumu, nikakuta ugali na dagaa unapikwa, nikakaa chini. Hiyo nafasi mgeni haipati kirahisi. Choo kote ni mtihani. Kili ni mashimo ambayo unayanusa kabla hujayaona, Gorak Shep ni choo cha kuchuchumaa ambacho maji ya ndoo yameganda na sakafu imeganda, na wewe umevaa suruali tatu.

Mtandao, upande wa Marangu waliweka intaneti 2022 kuanzia Horombo, kwingine Kili unategemea bahati na laini. EBC kuna kadi za intaneti za kununua karibu njia nzima.

Vifaa, na joto la Dar

Jaketi langu la manyoya ya bata nilinunua Karume mitumba, mchana, joto thelathini na tatu, nimelivaa nalijaribu jasho linatiririka, mwenye meza anapiga kelele "Mzee anaenda Ulaya huyo!" Alianza elfu themanini, nikalichukua kwa thelathini na tano kwa sababu zipu haifungi mpaka juu na kwa sababu Dar nani mwingine atalinunua. Limenipeleka Uhuru na EBC. Majaketi, fulana za ndani za joto, glovu, tafuta mitumba. Begi la kulalia la baridi kali na fimbo kodisha Moshi, au Thamel pale Kathmandu ambako maduka yamepangana kama Kariakoo na "North Face" ni nyingi kuliko walizowahi kushona wenyewe. Buti usikodishe. Nunua, zivae miezi miwili Dar, watu wakucheke ofisini.

Mazoezi ni yaleyale kwa milima yote. Dar ni tambarare na iko usawa wa bahari, kwa hiyo ni ngazi. Mimi nilikuwa napanda jengo la ghorofa kumi na mbili Posta baada ya kazi, mlinzi akadhani lifti imekufa. Wikiendi panda SGR, chini ya masaa mawili uko Moro, unapanda Uluguru kuelekea Bondwa, unarudi jioni. Kwa EBC ongeza mazoezi ya kutembea siku mbili tatu mfululizo, maana kule kazi sio kupanda siku moja, kazi ni kuamka kesho uende tena.

Sasa nani aanze na EBC

Mtu mwenye magoti mabovu ya kushuka kwa mkupuo, ila anaweza kutembea masaa sita kila siku. Mtu anayetaka kuona watu na maisha yao, kwa sababu Kili ukishapita geti hakuna kijiji, ni msitu, mbega, mawe na wapandaji wenzako, wakati Khumbu unapita katikati ya nyumba za Masherpa, wenyeji wa kule, shule, nyumba za ibada za Wabudha, punda na yaki wanakubana ukingoni kwenye madaraja ya kuning'inia (kaa upande wa mlima, sio wa korongo). Na mtu anayejijua kabisa kwamba usiku, baridi na giza vinamvunja moyo.

Na kama huna hakika na lolote, bajeti ndogo, siku ndogo, kuna Meru na watu wa Dar wanaisahau. Mita 4,566, siku tatu au nne, vibanda vya Miriakamba na Saddle, askari wa hifadhi na bunduki mbele kwa ajili ya nyati, na asubuhi ukiwa juu unaiangalia Kili ng'ambo ya mawingu. Kwa kuujaribu mwili wako sijaona bora zaidi, ila siku ya kilele ni ngumu kuliko siku yoyote ya EBC, usidharau.

Dingboche mama mwenye loji aliniuliza natoka nchi gani. Nikasema Tanzania, hakuielewa. Nikasema Kilimanjaro. Akaweka birika chini, akaniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni, akasema kwa Kiingereza chake, sasa huku umefuata nini? Nilijibu kwamba ule nilishaumaliza, na nilijibu kwa raha sana, ningekuwa sijaumaliza sijui ningemwambia nini.

Hii stori nilimpigia shemeji saa tano ile usiku. Ameshalipia Machame, siku saba, Januari. Jaketi kaja kulichukua jana, kalivaa palepale sebuleni, kavuta zipu, imegomea pale pale kifuani inapogomeaga.